Umeme "jadidifu" Afrika Mashariki: tunakua kweli, au tumerudi kwenye maji ya babu?

#1 Fundi Mita
Wadau, habari za jioni.

Kuna mchoro umerushwa kwenye kundi letu la wasapu kazini. Unaonyesha umeme wa nishati jadidifu (isiyoisha: maji, mvuke wa ardhini, upepo, jua) ukanda huu tangu miaka ya 1960, na mstari umepanda kama mgema kaona mnazi. Watu wanapiga makofi. Mimi nina swali la kijinga: huo ni ukuaji au ni kurudi tulikotoka?

Angalia kwetu Tanzania. Pangani 1936, Hale 1964, Nyumba ya Mungu 1968, Kidatu 1975, Mtera 1988, Pangani mpya 1995, halafu Kihansi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 gridi yetu ilikuwa karibu yote ni maji, na hakuna aliyeita jadidifu, tuliita umeme. Ukaja ukame, ukaja mgawo, mwaka 2004 gesi ya Songosongo ikaanza kuzungusha mitambo Ubungo, 2015 likaja bomba la Mtwara, zikaja Kinyerezi, na gesi ikawa zaidi ya nusu. Sasa Bwawa la Nyerere mashine zote tisa zimekamilika 2025, maji yamepanda tena. Mtu akitoka nyumbani asubuhi akarudi jioni, utasema amehama?

Uganda nao tangu Owen Falls 1954 hawajawahi kutoka kwenye maji. Naona Kenya ndio pekee waliofanya kitu kipya. Nipingeni kwa hoja, matusi yafuate baadaye.

#2 Jamvi la Wageni
Nimewahi siti ya dirishani. Endeleeni.

#3 Mwana wa Naivasha
"Kenya ndio pekee waliofanya kitu kipya." Mtanzania ameandika kwa mkono wake. Hii naichapisha, naweka kwa fremu sebuleni.

#4 Nyaya Tatu
Mleta mada unachanganya fungu na kiasi. Sufuria dogo la wali ukila peke yako una asilimia mia, na njaa unalala nayo. Sufuria likiwa kubwa ukapewa theluthi, asilimia imeshuka lakini mkanda unalegeza.

Jumlisha mabwawa yetu ya zamani: Kidatu 204, Kihansi 180, Mtera 80, Pangani mpya 68, Hale 21, Nyumba ya Mungu 8. Ni megawati 561. Rufiji, yaani hilo Bwawa la Nyerere, peke yake ina mashine tisa za 235, ambazo ni 2,115, karibu mara nne ya kila kitu kilichojengwa tangu mkoloni. Huyo hajarudi nyumbani, kajenga ghorofa pembeni ya kibanda.

#5 Mama Uji wa Ulezi
Mkuu namba 4, hizo megawati 2,115 nazisikia kwenye redio. Huku Mbagala juzi umekatika mara mbili kabla ya saa tatu na blenda yangu ikiwa na parachichi nusu. Naomba zangu mbili tu mnifungie kwenye kanga.

#6 Mzee wa Makerere
Marekebisho kwa mleta mada. Uganda waliwahi kutoka kwenye maji, tena kwa aibu. Nilikuwa Kampala 2005 na 2006. Ziwa Viktoria lilishuka mpaka gati zikabaki juu juu, Nalubaale (ndiyo hiyo Owen Falls) na jirani yake Kiira zikakosa maji ya kutosha, serikali ikakodi majenereta ya dizeli. Hosteli tulikuwa na umeme siku hii, kesho giza, na mwenye duka la fotokopi alikuwa na hadhi ya waziri kwa sababu alikuwa na jenereta. Bwawa la Bujagali lilipoanza 2012 ndipo wakapumua. Baadaye Isimba megawati 183 na Karuma megawati 600, iliyozinduliwa 2024.

Na hata hilo ziwa lina ubishi. Kundi moja linasema ulikuwa ukame. Lingine linasema walifungua maji mengi kuliko makubaliano ili vituo viwili vilivyopangana pale Jinja vizunguke vyote. Nimesoma pande zote na kila moja ina hesabu zake.

Halafu mjue laini ya Tororo kwenda Nairobi ipo tangu 1958. Kenya walikuwa wanakunywa Owen Falls kabla hata ya uhuru.

#7 Mwana wa Naivasha
Mzee hapo juu umetuvua nguo mbele ya wageni, lakini ni kweli.

Sasa niwaeleze kitu kipya. Mimi nilichomelea mabomba Olkaria, kule tunakozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, miaka mitatu. Ukishuka kwa gari asubuhi kitu cha kwanza ni harufu ya yai bovu, ile salfa. Siku ya nne huisikii tena, ila nguo zako nyumbani zinaisikia. Mabomba ya mvuke yanatembea mlimani yamevishwa bati la kung'aa, na kila baada ya hatua kadhaa yanapinda, yanapanda juu na kushuka kama goti. Kuna mapindo yanayoachia bomba litanuke likipata joto, na kuna sehemu zimeinuliwa ndio twiga na pundamilia wapite chini, maana pale ni mbuga ya Hell's Gate.

Lakini msidhani tuliamka siku moja. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa miaka ya 1950 na vikaachwa. Mashine ya kwanza, megawati 15, iliwaka 1981. Mpaka 1985 zilikuwa tatu tu, jumla 45. Tukakaa hapo miaka. Ile kubwa, megawati 280, ilikuja 2014 na 2015. Leo mvuke ni kama asilimia 45 ya umeme wetu, na ukijumlisha maji, upepo na jua tunafika karibu tisini. Huo ni mwendo wa miaka sitini. Sio muujiza, ni ukaidi.

#8 Kobe wa Bagamoyo
Ndio maana nyie mnaita "stima". Kwetu stima ni meli. Kumbe mlijua tangu zamani kwamba siku moja mtaendesha nchi kwa mvuke.

#9 Mwana wa Naivasha
😂😂 Hii sikuwahi kuiwaza. Ndugu, tuliita jina kwanza, tukachimba baadaye.

#10 Nyaya Tatu
Stima ya kweli basi, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu hata #4 yangu ina kasoro na hakuna aliyeinyanyua.

Megawati ni ukubwa wa mdomo, sio chakula ulichokula. Rufiji ina megawati 2,115, lakini maji ya mto hayatoshi kuzungusha mashine zote tisa usiku na mchana mwaka mzima. Zingezunguka bila kupumzika zingetoa gigawatisaa (hicho ndicho chakula chenyewe) zaidi ya 18,500. Mradi ulipangwa kutoa kama 5,900 kwa mwaka, ambayo ni chini ya theluthi. Olkaria na ndugu zake hawafiki megawati 1,000, ila mvuke haujui kiangazi wala masika, na kwa mwaka mmoja wanatoa kiasi ambacho hakipishani sana na hicho. Mdomo nusu, sahani sawa.

Kwa hiyo mchoro wa mleta mada nataka kujua kwanza umechora nini. Kama ni megawati zilizofungwa, unadanganya kwa kiasi fulani. Kama ni gigawatisaa zilizozalishwa, tuongee.

#11 Fundi Mita
Ni gigawatisaa. Nimerudi kuangalia. Na umenipiga kwenye mbavu, nakubali nusu.

#12 Perege Mkavu
Mimi ni mtoto wa Mtera. Barabara ya Iringa–Dodoma inapita juu ya tuta la bwawa, kwa hiyo wengi wenu mmenipita mkiwa usingizini kwenye basi.

Mtera inapimwa kwa mita juu ya usawa wa bahari. 698.5 limejaa. 690 mashine zinatakiwa kusimama. Siasa yote ya nchi hii ya miaka ile ilikuwa ndani ya mita nane na nusu. 2006 redio ilikuwa inatangaza kina cha bwawa letu jioni kama matokeo ya Simba na Yanga. Maji yalipokimbia, miti iliyozamishwa wakati wanajaza bwawa ilitokeza yote, mikavu, ndege wamekaa juu yake kama wanasubiri mazishi. Baba alikuwa anatembea kwa miguu alipokuwa anatega nyavu. Samaki walipatikana kwa ndoo wiki mbili, baadaye hakuna.

Sababu tuliyoambiwa sisi ni moja: wakulima wa mpunga na wafugaji huko juu Usangu wameziba maji.

#13 Mpunga wa Ubaruku
Nilijua tutafika hapa. Mimi ni wa Mbarali na nimechoka.

Ni kweli Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi kule hifadhini tangu 1993. Hilo silipingi, hata viboko wanalijua. Lakini bwawa halijazwi na mto wa kiangazi! Bwawa linajazwa na masika, na masika mpunga wetu hauwezi kuzuia mafuriko. Tena Mtera haitegemei Ruaha Mkuu peke yake, kuna Ruaha Mdogo na Kisigo. Swali ambalo hamuulizi ni hili: masika yakiisha bwawa limejaa, nani anafungua maji kwenda Kidatu, kwa kasi gani, na kwa nini mwezi wa kumi tumefika 690? Kuna wataalamu wameliuliza tangu zamani, wakaandika kwamba tatizo ni namna bwawa linavyoendeshwa zaidi ya sisi. Lakini 2006 walioondolewa Ihefu ni wafugaji na ng'ombe wao. Aliyeshika funguo la geti hakuhamishwa.

#14 Perege Mkavu
Sawa shemeji, punguza mkono. Mke wangu ni wa Rujewa, hukohuko Mbarali kwenu, nikikujibu nitalala nje.

Nakubali mashine zilihitaji maji sababu gesi ilikuwa haijatosha. Ila usiniambie mifereji yenu haina kosa. Nimeiona mwezi wa nane inatiririka, shambani hakuna hata mche.

#15 Daftari la Zamani
Mnagombania mita nane na nusu wakati jibu liko benki. Kwa nini kutoka Kihansi hadi Rufiji hatukujenga bwawa kubwa hata moja kwa karibu miaka ishirini? Mvua? Hapana. Wakopeshaji wa dunia waliogopa mabwawa makubwa miaka ya 1990, lawama za mazingira na watu kuhamishwa zilikuwa nyingi. Wakati huohuo tukaambiwa serikali iache kujenga, sekta binafsi ije. 1992 tukafungua mlango. Binafsi akija anataka kurudisha hela yake haraka, na bwawa linachukua miaka. Jenereta linachukua miezi. Ule mkataba wa umeme wa mafuta wa Tegeta ni wa 1995. Mchoro wa mleta mada ule mwinuko na mteremko sio mvua, ni barua za mikopo.

Rufiji ilifanyiwa utafiti tangu enzi za Mwalimu na ikakaa kabatini. Ilijengwa pale serikali ilipoamua kulipa yenyewe, trilioni sita na nusu za shilingi, mkataba na Wamisri Desemba 2018, UNESCO wakipinga kwa sababu ya Selous.

#16 Nyaya Tatu
Namba 15 hoja nzuri lakini isiwe dawa ya kila ugonjwa. Gesi ya Songosongo ilikuwa yetu, ni rahisi kuliko dizeli, na imeokoa nchi kwenye ukame. Ungetaka tusiitumie tukae gizani ili mchoro upendeze? Na Kenya walikuwa na ukame wao 1999 na 2000, mgawo mpaka viwanda vikalia, wakakodi dizeli kama wengine, na wakopeshaji wao walikuwa walewale.

#17 Mwana wa Naivasha
Hapo sasa. Tofauti yetu kwa maoni yangu ni mbili. Moja, watu. Tangu miaka ya 1980 wahandisi wetu wanaenda Aisilandi kusomea mvuke, na wanarudi. Mbili, nani anabeba hasara ya kisima kikavu. Unachimba kilomita mbili tatu kwenda chini, pesa ndefu, na unaweza usipate kitu. Hakuna wa binafsi anataka hiyo kamari. 2008 serikali ikaanzisha kampuni yake ya kuchimba. Menengai walianza kuchimba 2011 na mtambo wa kwanza, megawati 35, ukawaka 2023. Hesabu mwenyewe miaka.

#18 Kobe wa Bagamoyo
Na sisi Mbeya tuna Ngozi, moto uko chini palepale. Kwa miaka mingi tumeuangalia tu.

#19 Chura Mwenye Pasipoti
Mmetaja Kihansi mara tatu na hakuna aliyemkumbuka chura. Nimeumia.

Kwa vijana wasiojua: maporomoko ya Kihansi yalikuwa yanarusha ukungu wa maji kwenye korongo, na ndani ya ukungu huo aliishi chura mdogo kama ukucha, wa njano, anazaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa 1996, wakati ujenzi unaendelea. Maji yakahamishiwa kwenye bomba, yanadondoka zaidi ya mita 800 (ndiyo maana mto mdogo vile unatoa megawati 180), ukungu ukaisha. Wakamfungia mabomba ya kumnyunyizia kama bustani ya mkuu wa mkoa. Haikutosha. Wengine wakapelekwa Marekani, Bronx na Toledo, wakazaliana huko, wakarudishwa kwa ndege. Huku porini alikuwa ameshatangazwa ametoweka 2009, kabla ya hao kurudi.

#20 Jamvi la Wageni
Chura amepata viza ya Marekani mara ya kwanza. Mimi nimekataliwa mara mbili.

#21 Mama Uji wa Ulezi
Ungezaliwa wa njano, ndogo kama ukucha, wangekuonea huruma.

#22 Kijana wa Muhoro
Cheka cheka, lakini bwawa lina watu pia, si chura tu.

Kwetu Rufiji bondeni tunalima mlau. Mto unafurika masika, unaacha tope, maji yakishuka tunapanda mahindi na kunde kwenye unyevu ule bila mbolea. Mafuriko kwetu hayakuwa adui, alikuwa mgeni anayekuja na zawadi. Aprili 2024 alikuja vibaya. Kwa shangazi yangu maji yalifika kwenye mbao za dirisha, tulimtoa kwa mtumbwi na kuku wanne kwenye beseni. Serikali ikasema bila bwawa ingekuwa mbaya zaidi, maana mvua za El Niño zilikuwa kubwa na bwawa lilishika sehemu. Wazee wakasema maji yalishuka yote kwa pamoja kwa namna wasiyoizoea. Tangu hapo kila baraza la kahawa lina mhandisi wake.

Wasiwasi wangu mimi ni mwingine: miaka ambayo bwawa litashika maji yote na tope lote, mlau utakuwaje? Kwenye mchoro huo hakuna mstari wa kunde.

#23 Bi Mkubwa wa Mkele
Assalaam aleikum. Unguja hatuzalishi, sisi ni wa kupokea. Waya wa chini ya bahari tangu 1980. Ulipokatika 2008 tulikaa mwezi mzima. Ukaja tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kamili, barafu ya samaki ikaletwa kwa boti na maji ya mfereji yakawa hayapandi kwa kukosa pampu. Biharusi wa jirani yangu alipakwa hina kwa taa ya chemli. Baada ya hapo ukaletwa waya mwengine wa megawati 100.

Basi nawaambia nyie wa bara: mnahesabu umetoka wapi, maji au gesi. Mie nahesabu umefika.

#24 Miye wa Kadutu
Jambo yenu wote. Miye niko Bukavu. Mama wa Unguja amesema ya kweli. Apa kwetu iko Ruzizi ya kwanza ya 1958 na ya pili ya 1989, ile ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Yote maji. Jadidifu asilimia mia! Na kwenye kata yangu umeme unakuja saa ya usiku, unaenda kabla ya jogoo. Chupa za plastiki zinashuka kwenye ziwa Kivu, zinaingia ku bwawa, zinaziba mashine. Vijana wanazichota na nyavu kama samaki.

Na Inga, ile mitambo mikubwa ya mto Kongo? Laini ilijengwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700, kwa ajili ya migodi ya shaba, tangu 1982. Inapita juu ya vijiji. Juu.

#25 Nyaya Tatu
Hapo Miye wa Kadutu umegusa penyewe. Kuzalisha ni nusu ya kazi. Mfano ni Turkana: mashine 365 za upepo, megawati 310, zilikuwa zimesimama tayari 2017. Laini ya kilomita 428 hadi Suswa haikuwa tayari, mkandarasi wa Kihispania alifilisika njiani. Mapangaboi yamekaa mwaka mzima na zaidi, na Kenya wakadaiwa fidia ya umeme ambao haukufika kwa mtu. Laini iliwaka Septemba 2018.

Kwetu Machi 2025 Rais Samia alisema kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Mitandao ikawaka: tuna Rufiji, tunanunua wa nini? Jibu lilikuwa umeme unaotoka kusini hadi kaskazini unapotea sana njiani. Na kweli, laini kubwa ya kilovoti 400 ilitoka bwawani ikaishia Chalinze. Machi 2024 tulifikia kuzima mitambo mitano ya maji kwa sababu umeme umezidi. Umezidi, na Mama Uji wa Ulezi blenda imesimama. Vyote viwili ni kweli siku moja.

#26 Mwana wa Naivasha
Ongezea hii. Upepo wa Turkana unavuma sana usiku, wakati watu wamelala. Maji unaweza kuyafunga, mvuke haupendi kufungwa. Kwa hiyo usiku wa manane Olkaria wanaachia mvuke hewani, unasikia ule mlio kama ndege inapaa. Saa moja jioni kila mtu amewasha, tunawasha dizeli kidogo na kuomba Ethiopia. Kisha bili inakuja unadhani tunachoma dhahabu.

#27 Paneli Mbili
Mimi ni fundi wa sola, Sengerema na visiwani Ukerewe. Mnabishana juu ya mchoro wa gridi, lakini wateja wangu hawamo humo. Kinyozi ana paneli ya wati 100 kwenye bati, betri, mashine mbili za kunyolea na redio. Gigawatisaa zake nani anaziandika? Na nyie Kenya viwanda vyenu vya chai na maua vinaweka sola juu ya paa, vinapunguza kununua kwenye gridi.

Ila sio asali tupu. Miaka kumi iliyopita watu walifunga betri za gari. Betri ya gari imetengenezwa kupiga stata, sio kukamuliwa usiku kucha. Mwaka mmoja imekufa, na mteja anasema sola ni utapeli. Mama yangu mwenyewe alichukua ya mkopo kwa kampuni moja, akachelewa siku nne msiba ulipotokea, wakamzimia taa kwa mbali matanga yanaendelea. Nilimfungia nyingine, hiyo yao ipo chini ya kitanda.

#28 Daftari la Zamani
Na mtego mwingine: mtu akikwambia nchi fulani ya Afrika Mashariki ina "nishati jadidifu" asilimia themanini tisini, muulize umeme au nishati yote? Kwenye vitabu vya takwimu kuni na mkaa navyo vinaingia kwenye jadidifu. Bibi anayekohoa jikoni anatupandisha chati.

#29 Mama Uji wa Ulezi
Bibi asikohoe. Nina lile jiko la umeme la presha. Nilishangaa nikaenda kusoma luku kabla na baada: 14.6, nikatia maharage nusu kilo yaliyolowekwa, yameiva imesoma 14.2. Nukta nne ya uniti, kwa bei ya mtaani kwetu ya mia tatu hamsini na kitu ni kama shilingi mia na arobaini. Mkaa wa kuivisha maharage hayo siku hizi ni zaidi ya elfu. Tatizo ni lilelile, ukikatika katikati maharage yanabaki na roho.

#30 Fundi Mita
Nimesoma yote. Nilidhani nitapata jibu moja, nimepata mvua, funguo la geti, barua za mikopo, miamba, Aisilandi na nguzo. Naondoa neno "kurudi" kwa upande wa kiasi, #4 na #10 wamenishinda. Kwa upande wa kutegemea mvua sijaliondoa. Rufiji inapokea Ruaha na Kilombero. Ukame ule wa 2006 ukija tena, Mtera, Kidatu na Nyerere ni ukoo mmoja, wanafiwa siku moja.

#31 Nyaya Tatu
Kilombero na Ruaha mvua zao hazifanani kabisa, na Rufiji sehemu kubwa inakula Kilombero. Bwawa lenyewe ni kubwa mno kulinganisha na Mtera. Ukoo mmoja sawa, lakini mmoja wa hao ana akiba benki. Nitafungua uzi wake, hapa pamejaa.

#32 Mpunga wa Ubaruku
Ukiufungua niite. Nakuja na ramani ya mifereji.

#33 Perege Mkavu
Na mimi nakuja na shemeji yangu anishikilie.

#34 Bi Mkubwa wa Mkele
Mama Uji, hilo jiko Kariakoo umelipata duka gani, na linaingia lita ngapi? Nna watu kumi na moja ndani na mapishi ya Ijumaa.

#35 Mama Uji wa Ulezi
Lita sita, dada. Kwa watu kumi na moja chukua mawili, ila usiwashe yote pamoja na pasi, soketi yangu moja imeshayeyuka.